Jina Bila Kutoa Mji

Kitabu cha kutambulia ndege hakifanyiwi uhakiki. Kinanunuliwa, kinawekwa dirishani kando ya darubini, basi. Hakuna anayeuliza kama kina sauti, wala kama kinamtendea haki anayekisoma. Mimi nimekaa na kimoja majira matatu ya baridi hapa Minnesota, katika nyumba ninamofanya kazi ya kumtunza mzee mmoja, na naona kinastahili kusomwa kwa ukali uleule tunaoutumia kusoma riwaya.

Ni *A Field Guide to the Birds* cha Roger Tory Peterson. Kilitoka Boston mwaka 1934, baada ya wachapishaji kadhaa kukikataa. Nakala 2,000 za kwanza ziliisha ndani ya wiki moja. Kabla yake, mtaalamu aliyetaka uhakika alimpiga ndege risasi, akamgeuzageuza mkononi na kukagua manyoya. Vitabu vilimwelezea ndege mfu. Peterson, aliyekuwa na miaka 25, aliwapanga wanaofanana kwenye ukurasa mmoja, karibu wote wakitazama upande mmoja, kisha akachora vimistari vya kuelekeza jicho. Tazama utosi. Tazama mkia. Alama moja au mbili, na huyu ameshatengwa na wale. Bunduki haikuhitajika tena, na kwa hilo peke yake nampigia saluti.

Sisi tuliolelewa na vitendawili mtindo huu tunaujua. Mtegaji haelezi sana. Anachagua sifa moja au mbili, anazitupa mbele yako, nawe unahangaika. Ukishindwa unampa mji, anakwenda huko anatamba, anakula na kunywa, ndipo anarudi na jibu. Peterson ana ufundi wa mtegaji: maelezo yake ni mafupi hadi yamekatika, hayabembelezi mtu. Ila ameugeuza mpangilio. Jibu liko juu kwa herufi nene, kitendawili kinafuata chini yake. Unapewa jina bila kutoa mji.

Kwa mtu aliye porini, ambaye ndege amempitia kwa sekunde mbili, huo ni msaada mkubwa. Lakini chombo cha mbegu kilichotundikwa uani si pori. Wageni ni walewale, aina kumi au kumi na mbili, kuanzia Novemba hadi Aprili. Majina unayamaliza wiki ya kwanza. Baada ya hapo kitabu kimenyamaza, na theluji ina miezi mitano mbele yake.

Mchukue chikadii. Utosi mweusi, koo jeusi, shavu jeupe, kitabu kimemaliza. Sasa keti dirishani. Hakai chomboni kula. Anachukua mbegu moja ya alizeti, anaruka nayo mpaka tawini, anaibana kwa miguu na kuigonga ipasuke. Nyingine haili, anaichomeka kwenye ufa wa gamba la mti, moja hapa, moja kule, na siku nyingine anazirudia. Uzito wake ni kama gramu 11. Usiku wa baridi kali anaacha joto la mwili wake lishuke kwa nyuzi kumi hivi, ili asimalize mafuta yote kabla ya mapambazuko. Jina lake la Kiingereza ni mlio wake mwenyewe, na mlio huo una hesabu ndani: utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba adui akiwa hatari zaidi, yeye huongeza "dii" mwishoni. Bundi mdogo, mwepesi wa kudaka ndege wadogo, anapigiwa "dii" nyingi kuliko bundi mkubwa. Hayo yote hayana kimstari cha kuyaelekezea. Hata umbo si lile la mchoro. Kitabuni amesimama kando, mwembamba, kama aliyepigwa picha ya pasipoti. Asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri anakuja ametutumua manyoya, duara kama ndimu, shingo haionekani.

Mzee ninayemtunza (namwita Mzee, neno ameshalizoea) ndiye mwenye kitabu. Ni nakala ya toleo la 1980, na kwa miaka mingi alikuwa akiandika tarehe pembezoni kwa penseli. Sasa majina yanamtoka. Si ya ndege tu, lakini ya ndege ndiyo anayoyaonea aibu. Watu wake wakija kumtembelea hufungua kitabu wakamwonyesha picha: huyu nani? Wanafanya hivyo kwa upendo, nami siwalaumu, maana kitabu chenyewe kimejengwa hivyo. Ukurasa wake ni karatasi ya mtihani. Mzee anatazama, anafungua mdomo, kisha anaangalia mikono yake.

Mimi swali hilo nililiacha. Ndege akija namuuliza, huyu anafanyaje? Hapo Mzee hashindwi. Kwa nathachi ananyoosha mkono na kuuteremsha hewani, vidole chini, kwa sababu ndege huyo hushuka shina la mti kichwa kikitangulia. Kwa junko anakuna meza kwa kucha, vile junko anavyoparura theluji chini ya chombo akiokota walichoangusha wenzake. Chikadii anamwita mwizi mdogo, na kumpa jina la kitendo ni jambo ambalo lugha yetu inalijua vizuri. Kigong'ota ni kugonga. Kijumbamshale amebeba mshale wake jinani. Mzee hajui Kiswahili zaidi ya maneno manne, lakini anatega kama bibi yangu.

Kuna mahali ambapo Peterson hana mpinzani. Wako vigong'ota wawili hapa, wote weusi kwa weupe, madume wana doa jekundu kisogoni. Mdogo na mkubwa, lakini ukubwa unamsaidia nani wakati hawaji pamoja? Kitabu kinasema: tazama mdomo. Wa mdogo ni mfupi, hata nusu ya kichwa haufiki. Wa mkubwa unakaribia urefu wa kichwa chote. Hapo kimstari kimefanya kazi ambayo majira matatu ya kukodoa macho yasingefanya. Tena wawili hao si ndugu wa karibu kama wanavyoonekana, na kitabu kuwaweka bega kwa bega kinakufanya uhisi udanganyifu huo kabla hujauelewa.

Lakini jibu lenyewe si la kuaminiwa kama herufi nene zinavyotaka. Shomoro wa miti wa Marekani, mwenye utosi wa kahawia na doa jeusi kidarini, aliitwa hivyo na wahamiaji kwa kumfananisha na shomoro wa kwao Ulaya. Yeye anajenga kiota chini, kwenye nchi za kaskazini ambako miti ni haba. Redipoli walikuwa zaidi ya aina moja katika orodha ya Marekani mpaka 2024, wakaunganishwa kuwa aina moja. Ndege hawakubadilika hata unyoya.

David Allen Sibley, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alichora kila aina katika sura nyingi: anayeruka, mchanga, wa kiangazi, wa baridi. Ni mwungwana kwa ndege kuliko Peterson. Yule chiriku wa manjano, ambaye baridi inamgeuza kuwa rangi ya jani kavu mpaka watu hudhani amehama, kwa Sibley anapata picha yake kamili. Ila kurasa zimejaa, jicho linachoka, na sentensi zimekosa ule ukali wa mtegaji. Programu za simu sizisemi sana. Zinasikia mlio na kutaja jina kabla hujageuza shingo.

Basi nakala hii ya Mzee nimeisoma yote, na kilichoandikwa vizuri zaidi humo si cha Peterson. Kando ya picha ya junko ziko tarehe za Oktoba, mwaka baada ya mwaka, siku alipowaona wa kwanza wakishuka kutoka Kanada. Penseli inafifia kadiri miaka inavyosogea, herufi zinakuwa kubwa na kuyumba, halafu zinakoma. Kando ya chikadii hakuna tarehe hata moja. Huyo hahami.