Utabiri, Utimilifu na Msomaji: Kutoka Zekaria hadi Got Kwer

Aghalabu uhusiano wa Agano la Kale na Agano Jipya huelezwa kama ule wa ahadi na malipo: manabii walitabiri, Masihi akaja, deni likalipwa. Makala hii inashikilia kwamba maelezo hayo hayatoshelezi ushahidi wa matini zenyewe. Utimilifu, kwanza kabisa, ni tendo la usomaji.

Tuchukue Zekaria 9:9. Mfalme anakuja amepanda punda, na papo hapo anatajwa mwana-punda. Hiyo ni kanuni ya ushairi wa Kiebrania: jambo moja husemwa mara mbili kwa maneno tofauti. Mnyama ni mmoja, na ndivyo walivyosimulia Marko na Luka. Mathayo 21 inaleta wanyama wawili. Si lazima tudhani kwamba Mathayo hakuufahamu ushairi wa wazee wake. Yaelekea alitaka kila neno la nabii litimie, hata lile lililokuwa mwangwi tu. Hapa utabiri umeunda simulizi. Katika Mathayo 2:15 mambo yanageuka. Hosea 11:1 inakumbuka Israeli ilivyotolewa Misri zamani. Mathayo anaufanya ukumbusho huo kuwa utabiri. Hapa simulizi ndiyo iliyozaa utabiri.

Neno masihi lenyewe, yaani aliyetiwa mafuta, halikuwa na mwenyewe mmoja. Katika Isaya 45:1 anapewa Koreshi, mfalme wa Uajemi, ambaye hata Mwisraeli hakuwa.

Kwa mtazamo huu, Migori inastahili kutazamwa upya. Mapema katika miaka ya 1960, Simeo Ondetto, akiwa pamoja na Gaudencia Aoko, aliongoza Wakatoliki wengi, hasa Waluo, kutoka katika kanisa lao. Ndipo Legio Maria ilipozaliwa. Wafuasi wake wengi humwamini kuwa Mwana wa Mungu aliyerejea akiwa Mwafrika. Alifariki mwaka 1991, na mlima wa Got Kwer umebaki kuwa mahali pao patakatifu.

Imani hiyo imezoeleka kuelezwa kwa ukoloni na umaskini. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanawanyima waumini hadhi ya kuwa wasomaji. Katika Luka 4, Yesu anasoma Isaya mjini Nazareti, kisha anatangaza kwamba andiko limetimia leo. Uzito wote umo katika neno hilo, leo. Legio Maria wamelisoma neno hilo hilo katika ardhi yao.

Je, madai yote basi yana uzito sawa? La hasha. Mhakiki hana mizani ya kumpima Masihi. Anayo ya kupima usomaji. Swali lake ni hili: je, usomaji mpya unaiachia matini ya awali sauti yake? Ishara ya Isaya 7:14 ilitolewa kwa mfalme Ahazi, aliyekuwa akitishwa na wafalme wawili, na ilimhusu yeye katika siku zake. Mkristo anayemsahau Ahazi humnyang'anya Myahudi maandiko yake. Na anayewacheka mahujaji wa Got Kwer amesahau kwamba imani yake mwenyewe ilijengwa kwa usomaji wa aina hiyo hiyo.

Hatuna budi, basi, kuwafundisha wanafunzi wetu kuzisoma matini zote mbili, ile iliyotangulia na ile iliyoidai, bila moja kuifunga nyingine kinywa.