Kutania Pasipo Utani

Katika Matambarale, nchi ya Wamwera iliyo upande wa Ruangwa na Nachingwea katika mkoa wa Lindi, mzaha si mali ya kila mtu. Mjukuu huweza kumcheka babu yake kwa upara wake, na babu akamwita mjukuu wa kike mke wake, na wote waliopo wakafurahi. Mtu na binamu yake huweza kurushiana maneno ambayo, kama yangetoka katika kinywa kingine, yangeleta kesi mbele ya wazee. Lakini mtu yule yule, mwenye ulimi mkali kiasi hicho, akifika mbele ya mama mkwe wake huinamisha macho na kupunguza sauti. Ulimi haukubadilika, aliyebadilika ni msikilizaji. Desturi hiyo ndiyo utani, nayo yafaa kuwa kipimo cha jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa mbali nayo, yaani ugomvi wa watazamaji juu ya namna moja ya michezo ya kuchekesha katika televisheni.

Namna hiyo yaweza kuitwa kichekesho cha fedheha. Katika kichekesho kilichozoeleka mtu huteleza, akaanguka, akainuka na vumbi, na mtazamaji akacheka. Katika kichekesho cha fedheha hakuna aangukaye. Mtu husema neno lisilofaa mbele ya watu wasiopasa kulisikia, wala yeye mwenyewe hatambui alilolisema. Kisha hufuata kimya, na kimya hicho ndicho kiini cha mchezo. Mtazamaji huona haya kwa ajili ya mtu asiyeona haya. Wako wacheka machozi kwa jambo hilo, na wako wazima televisheni wakaondoka.

Mfano mkuu wa namna hii ni mchezo wa Kiingereza uitwao The Office, uliotungwa na Ricky Gervais na Stephen Merchant, na kuonyeshwa mara ya kwanza na BBC mwezi wa Julai 2001. Habari zake ni nyepesi. Katika mji wa Slough ipo kampuni ya kuuza karatasi, na meneja wake, David Brent, anapigwa picha na watu wa televisheni waliokuja kutazama kazi za ofisi. Brent anataka aonekane rafiki wa wote na bingwa wa kuchekesha. Mchezo ulianza na watazamaji wachache. Baadaye sifa zake zilienea, hata mwezi wa Januari 2004 ukapata tuzo ya Golden Globe huko Marekani, na Gervais akapata yake kwa uigizaji. Hata hivyo, sifa hizo hazikuwanyamazisha wale walioshindwa kuutazama. Mpaka leo wapo waonao mchezo huu kuwa kilele cha ucheshi, na wapo waonao kuwa mateso.

Sababu ya tofauti hiyo hupatikana katika sehemu ya kwanza kabisa. Brent anamwita Dawn, karani wa mapokezi, mbele ya kijana mgeni. Anamshitaki kuwa ameiba vijikaratasi vya kuandikia vya ofisi, na kumwambia kuwa amefukuzwa kazi. Dawn analia. Ndipo Brent anapojaribu kueleza kuwa ulikuwa utani tu.

Msomaji aliyelelewa katika nchi ya utani hutambua mara moja kosa lililotendeka. Neno alilolitumia Brent ni utani, lakini utani wenyewe haukuwapo. Mwaka 1940 mtaalamu wa Kiingereza A. R. Radcliffe-Brown alieleza kuwa utani ni dharau iliyopewa ruhusa na desturi: mmoja huruhusiwa, na pengine hulazimika, kumfanyia mwenziwe mzaha, na mwenziwe hapaswi kukasirika. Ruhusa hiyo haitoki kwa mtaniaji. Hutoka katika ujamaa uliokuwapo kabla ya mzaha wenyewe. Zaidi ya hayo, watani walio sawa hulipana: leo mmoja ametupa, kesho mwenziwe atarudisha. Dawn hawezi kurudisha, maana mshahara wake umo mikononi mwa anayemtania. Brent amejitwalia haki ya binamu huku ameketi katika kiti cha mkubwa. Kosa hili halikuzaliwa Slough. Hata penye utani wa kweli wazee huonya kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Basi watazamaji hawagawanyiki kwa sababu baadhi yao wana akili na wengine hawana. Hugawanyika kwa mahali ambapo moyo wa kila mmoja umeketi. Aliyeketi mahali pa mtani wa Brent hucheka, kwa kuwa anaona mtu mwenye majivuno akijiaibisha mwenyewe. Aliyeketi mahali pa Dawn hawezi kucheka, maana anayakumbuka machozi yake mwenyewe mbele ya mkubwa fulani. Na yuko wa tatu, aliyeketi mahali pa mkwe: huyu hamchukii Brent wala hamdharau, bali hugeuza uso, kama mtu mwenye adabu afanyavyo anapokuta mlango umeachwa wazi pasipopasa. Mhakiki anayemwita huyu wa tatu mtu asiyejua ucheshi amemkosea. Kugeuza uso ni heshima, wala si upungufu wa fahamu.

Vichekesho vya Kiswahili vimeifahamu hatari hii, na kwa kawaida hutafuta ruhusa ya watazamaji kabla ya kuwaaibisha wahusika. King Majuto, mwana wa Tanga aliyefariki mwezi wa Agosti 2018, alikuwa akitokea tu, na uso wake na sauti yake zikatangaza kuwa mzee huyu ni mtani wa watu wote. Joti na wenzake wa Orijino Komedi wamejivika uzee, uanamke na utoto kwa mavazi yasiyoficha kuwa ni mavazi. Vazi hilo ni hati ya utani. Linamwambia mtazamaji kuwa aibu itakayoonekana haina mwenyewe, basi na acheke. Lakini Brent amevaa suti na tai kama meneja yeyote, wala hakuna kicheko kilichorekodiwa cha kumwonyesha mtazamaji mahali pa kucheka. Ameletwa sebuleni bila hati yoyote, na kila mtazamaji ameachwa aamue peke yake kama ana haki ya kumcheka.

Waliouhamisha mchezo huo kwenda Marekani walikutana na tatizo hilo hilo. Sehemu yao ya kwanza, iliyoonyeshwa na NBC mwezi wa Machi 2005, ilifuata maneno ya Kiingereza karibu yote, pamoja na mzaha wa kumfukuza karani. Mfululizo huo mfupi wa sehemu 6 haukupokewa vizuri. Kuanzia mfululizo wa pili watungaji walimlainisha meneja wao, Michael Scott, aliyeigizwa na Steve Carell. Ujinga wake waliuacha, wakamwongezea upweke ulio wazi na upendo kwa watu wake. Mchezo ukadumu mpaka mwaka 2013. Walichofanya chaweza kuelezwa kwa lugha ya Matambarale: walimfanya mgeni kuwa ndugu, ili aweze kutaniwa.

Wako watakaosema kuwa kwa kufanya hivyo Wamarekani waliuharibu ukali wa mchezo, na neno lao lina uzito. Kichekesho cha fedheha kina kazi ambayo kichekesho laini hakiiwezi, yaani kumwonyesha mwenye cheo jinsi mzaha wake unavyopokewa na walio chini yake. Wakubwa wengi wamecheka katika kikao, watumishi wao wakacheka nao, na hakuna aliyecheka kweli. Lakini hata watungaji wa Kiingereza hawakuuacha ukali huo bila malipo. Katika mfululizo wa pili, mwaka 2002, Brent anaachishwa kazi na kusihi asiondolewe. Aliyemfukuza Dawn kwa mzaha anafukuzwa kwa kweli. Na katika sehemu za mwisho, zilizoonyeshwa wakati wa Krismasi 2003, anapata ujasiri wa kumkemea rafiki yake mwenye kejeli aliyemtusi mwanamke aliyekuja naye. Baadaye, wenzake wakiwa wamekusanyika kupiga picha, anatoa mzaha nao wanacheka kweli. Kwa mara ya kwanza amechekesha bila kumwumiza mtu. Deni limelipwa, na hapo ndipo watazamaji wengi waliokuwa wamegawanyika walipokutana.

Jambo moja bado halijaangaliwa vya kutosha na wahakiki, nalo ni nani aliyeketi karibu na mtazamaji. Huko Ulaya mtu huweza kuutazama mchezo wa fedheha peke yake chumbani, na haya yake ikaishia kwake. Katika vijiji vya kusini mwa Tanzania televisheni aghalabu hutazamwa na watu wengi pamoja, nyumbani au katika kibanda umiza. Na kwa desturi ya kale ya Wamwera na jirani zao, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mume huenda kukaa kwa kina mkewe. Basi kijana huweza kujikuta ameketi chumba kimoja na mkwe wake wakati mtu katika picha anaposema neno lisilosemeka. Hapo fedheha huwa mbili, ya mchezo na ya chumba. Akicheka, amemvunjia mkwe heshima. Asipocheka, jirani atadhani hakuelewa.

Mtungaji wa Kiswahili anayetaka kuandika kichekesho cha namna hii hana haja ya kuiogopa hali hiyo wala kuionea aibu kama ushamba. Ni utajiri. Anao watazamaji wanaojua, kabla mchezo haujaanza, nani anaweza kumwambia nani neno gani, na mbele ya nani. Akimweka meneja wake katikati ya elimu hiyo, akamwacha atanie asipopaswa, kisha akampa aliyetaniwa nafasi ya kurudisha, atacheka mjukuu, atacheka babu, na huenda hata mkwe, akiwa amegeuza uso, akasikika akicheka upande wa pili.