Mkono wa Mchumaji

Karafuu huchumwa ingali tumba. Ikichanua, bei imekwenda na maji. Ndiyo maana nawaheshimu wachumaji wa Pemba kuliko mafundi wengi wanaoimbwa. Mtu yuko juu ya tawi, mguu mmoja umekanyaga, mwingine unatafuta pa kukanyaga, na bado jicho lake linajua tumba lipi limeacha ukijani na kuanza kupiga wekundu. Vishada vya mti mmoja haviivi pamoja, kwa hiyo mkarafuu uleule huparamiwa tena na tena msimu mzima. Mchumaji hodari huvuta tawi taratibu, akakwanyua kishada na kuyaacha majani. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na likivunjika limekwenda na mavuno ya mwakani. Wanaokata matawi ili wachumie chini wanamla mwenye shamba mtaji wake, na ninalisema hili kwa uchungu.

Kuulea nako kunataka subira. Mbegu yake haiwekwi akiba, kwani ikikauka haioti. Huokotwa mbivu, ikalowekwa, ikamenywa na kupandwa upesi kivulini. Mpera, jamaa yake wa ukoo mmoja, hauna madeko hayo. Mche hulindwa jua kama mtoto mchanga, na miaka sita au zaidi hupita kabla ya kuchuma cha maana. Kimbunga cha 1872 kilipoibwaga mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Hadi leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huko.

Jioni ni kuchambua, kazi ambayo kina mama huifanya sana na husifiwa kidogo. Kishada husuguliwa kiganjani, karafuu huku, makonyo kule. Makonyo nayo ni mali, hutolewa mafuta. Kesho yake ni majamvini, jua la siku nne au tano, na wingu likitanda kila mtu hukimbilia kuanua, maana karafuu iliyonyeshewa huharibika. Kilo tatu mbichi hubaki kama moja kavu.

Iliyokaushwa vyema ni ya hudhurungi, na ukiiminya kwa ukucha hutoa mafuta. Kabla ya kuitia kwenye pilau, itazame kichwa. Kikiwa bado kipo, ujue mikono yote iliyoipokezana ilikuwa mikono ya adabu.