Mwenye Brashi na Mwenye Sururu Mtaro Mmoja

Uingereza, mwanaakiolojia anayetaka kuchimba ndani ya eneo la ujenzi huulizwa langoni kadi ya usalama ya CSCS, mfumo uleule unaowahusu mafundi. Ili aipate hufanya mtihani wa afya na usalama, hata kama ana shahada ya uzamivu. Mwaka 2015, reli ya Crossrail ilipokuwa ikijengwa London, wanaakiolojia walifukua mifupa ya watu wapatao 3,000 katika makaburi ya kale karibu na kituo cha Liverpool Street, mashine nzito zikiwa zimewazunguka. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hadi mbili. Ikimwangukia mtu kifuani hawezi kuvuta pumzi, awe ameshika brashi au sururu.

Jijini Nairobi, Kenya, hali ni nyingine. Mitaa ya Kibera na Kawangware ndiko wanakotoka watu wa mkono wengi, yaani vibarua, wa mijengo ya Kilimani, Kileleshwa na Lavington. Wanafika langoni alfajiri kwa miguu, msimamizi anachagua anaowahitaji, na muda mfupi baadaye mtu aliyepata kazi ya siku moja yuko chini ya mtaro. Mafunzo yake yako wapi?

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inagusa kila mahali ambapo mtu yeyote anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu. Inamtaka mwenye eneo atoe maelekezo, mafunzo na usimamizi. Zaidi ya hayo, mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwenye eneo haruhusiwi kumlazimisha kurudi pale mpaka irekebishwe. Hapo kibarua na mwanaakiolojia wako sawa. Pengo liko kwenye usajili: sheria ya 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inazungumzia kutambua mafundi stadi na wasimamizi. Mtu wa mkono hana cheti cha kuonyesha langoni, kwa hiyo kinachomlinda ni yale atakayoambiwa asubuhi hiyo. Asipoambiwa, haki ya kutoka mtaroni inabaki kwenye karatasi.

Ardhi yenyewe inataka somo lake. Sehemu nyingi za Kibera zimejazwa kwa miaka mingi: taka, majivu, udongo wa kuta za nyumba zilizobomoka, tabaka juu ya tabaka. Ndani yake mna mabomba ya maji ya plastiki yaliyofukiwa juujuu na nyaya za sambaza, yaani za umeme uliounganishwa kiholela, ambazo hazimo katika ramani yoyote. Julai 2018, nyumba zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, ardhi ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa inasubiri mashine.

Na hapa ndipo naona faida ambayo wengi hawaitaji. Kutofautisha udongo wa asili na udongo uliowahi kuchimbwa ni kazi ya kila siku ya mwanaakiolojia: hutazama rangi, ulegevu na vipande vya matofali. Kanuni za Marekani za uchimbaji haziruhusu udongo uliowahi kuvurugwa uhesabiwe katika daraja la udongo imara kabisa, kwa kuwa haushikani kama ule wa asili. Jicho linalosoma historia ukutani mwa mtaro ndilo linaloona utakapoporomokea.

Kwa hiyo mafunzo yafanyiwe ukingoni mwa mtaro, kibarua na mwanaakiolojia wakiwa pamoja, kabla ya mtu kushuka. Waonyeshwe wapi pamejazwa, ngazi iko wapi, kwa nini udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni, na nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Waelezwe pia kwamba anayegundua kitu cha kale anatakiwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 kutoa taarifa ndani ya siku saba. Kibarua asiyejua hilo ataendelea kuchimba. Dakika hizo zihesabiwe ndani ya ujira wa siku, na ziandikwe kwenye mkataba wa mjengo kama saruji na nondo zinavyoandikwa, maana kisicho na bei kwenye mkataba ndicho mkandarasi hukikata kwanza.