Vumbi Kwanza, Mng'aro Baadaye

Anayetaka kujifunza kuchora magari kwa penseli asianze na gari jipya. Gari jipya limejaa mng'aro, na mng'aro huficha umbo: jicho hurukia taa na rimu, mkono hulifuata, na kabla hujatanabahi umechora mapambo bila gari. Aje Isiolo. Asimame kando ya barabara kuu asubuhi, jua likiwa bado ubavuni, angojee Land Cruiser iliyotoka Merti. Ni nyeupe au ni kijani? Huwezi kujua. Kuanzia boneti hadi ubao wa nyuma ni vumbi tupu, na palipo safi ni pale tu waipa ilipopita kwenye kioo cha mbele.

Miaka mingi lami iliishia hapa. Aliyekuwa akielekea Marsabit na Moyale aliiaga Isiolo, akajifunga kitambaa puani, akakwea juu ya lori. Siku hizi lami inafika Moyale, karibu kilomita 500, na sina kinyongo nayo hata kidogo. Lakini njia za pembeni bado zina vumbi la kumtosha mchoraji.

Bodi yenye vumbi haiakisi kitu. Mwanga ukiigonga hutawanyika, kwa hiyo pale bodi inapolielekea jua ni peupe, inapoligeuzia mgongo ni peusi, na katikati kuna kijivu kinachokolea kidogo kidogo. Hicho kijivu ndicho kazi yenyewe. Chukua penseli ya HB iliyochongwa kwa wembe, risasi yake iwe ndefu, uilaze ubavu. Tandaza kijivu chepesi juu ya gari zima isipokuwa paa na mgongo wa boneti. Rudia panapotaka giza, kisha rudia tena. Pupa ndiyo inayoharibu: 6B ikikandamizwa hailetei picha weusi, bali huchubua karatasi na kuacha utelezi wa kijivu unaometameta ukiinamisha daftari. Mistari nayo ifuate mwili wa gari. Kwenye madigadi izunguke na mpindo wake, mlangoni ishuke wima, kwenye boneti itambae kuelekea kioo. Mtazamaji hataiona mistari hiyo, ila ataamini kwamba bati limepinda. Na kidole kikae mbali! Mafuta ya ngozi huigandisha risasi kwenye karatasi, kisha raba inabaki kuhangaika bure. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, basi.

Jua la hapa pia lina tabia zake. Isiolo iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Machi na Septemba jua la saa sita husimama utosini, na kivuli chote cha gari huingia chini ya gari. Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, Desemba kikahamia kaskazini. Picha nyingi wanazonakili vijana wetu zilipigwa katika nchi za jua la kuinama, ndiyo maana utaona Probox ya Isiolo ikiburuta kivuli kirefu cha jioni ilhali dereva wake amechorwa kajifunika gazeti usoni kwa joto la mchana.

Kabla ya taa, kabla ya nembo, weka kivuli cha chini. Bila hicho gari huelea. Kiwe cheusi kabisa pale tairi linapogusa ardhi, kilegee kadiri kinavyotoka nje, na tairi za upande wa pili ziache zimezwe humo humo bila kuzihesabia pingili. Hapa 4B ina kazi yake, na mkaa wa jikoni haukatazwi.

Magurudumu ndiyo huwaumbua wengi. Gari likisimama mshazari, gurudumu si duara tena, ni duaradufu, na upana wake mfupi lazima ulale sambamba na ekseli. Ukilisimamisha wima kwa mazoea, gari litaonekana limevunjika mguu. Duaradufu huchorwa kwa bega, si kwa vidole: zungusha mkono hewani kwanza, kisha teremsha penseli ikiwa tayari inazunguka. Halafu pima. Katika magari mengi madogo, na hata Land Cruiser ya pikapu, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma huingia magurudumu mengine kama matatu. Ukiona yameingia mawili, umechora kichezeo cha watoto.

Penseli yenyewe ina ukoo huku kwetu. Risasi yake si risasi bali ni grafiti, na ilikuwa mwaka 1795 ambapo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, vita vikiwa vimeifungia Ufaransa njia ya kupata grafiti ya Uingereza, alisaga grafiti, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi na kuichoma. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na kijivu chake chepesi. Ukipungua, inalainika na kukoza. Ngazi yote ya H na B imetoka kwenye tanuri hilo. Ala ya mti inayoishika risasi ndiyo iliyo jirani. Mtarakwa, unaoota kwenye msitu wa Marsabit na miteremko ya Mlima Kenya, uliwahi kupasuliwa vibao vya penseli na kupelekwa Ulaya, kwa kuwa huchongeka bila kupasuka ovyo. Sisi tukabaki nao kwenye nguzo za ua. Kisha watoto wetu, kuanzia 1985 hadi 2023, wakashikishwa penseli ya dukani ili wachore vistari vyeusi kwenye visanduku vya majibu ya mtihani wa KCPE. Ni matumizi ya kusikitisha kwa chombo chenye uwezo wa vijivu vingi hivyo.

Mkono ukishalizoea vumbi, mchoraji ahamie pale wanapoosha magari, akae kwenye kivuli atazame. Maji yakimwagwa, mambo yote niliyosema yanapinduka. Bodi sasa inaakisi kila kilichoizunguka. Paa na boneti zinabeba anga. Ubavuni, sehemu ya juu ya mlango ni anga pia, sehemu ya chini ni ardhi, na katikati unapita utepe mweusi: maduka, miti, watu, kila kilichosimama ng'ambo ya barabara. Kwa kuwa ardhi ya Isiolo ni nyeupe kwa jua, hata chini ya mlango panawaka. Kwenye gari jeusi lililotoka kuoshwa niliwahi kumwona punda mzima na mkokoteni wake wa maji, amerefushwa na mpindo wa bati mpaka masikio yakafika kwenye kitasa. Hapo kijivu cha polepole hakina nafasi. Weusi na weupe hukutana ghafla, ukingo ukiwa mkali, na weupe huo ni karatasi isiyoguswa tangu mwanzo. Anayesubiri kuutafuta kwa raba mwishoni huambulia ukungu.

Dennis Muraguri, anayesifika kwa picha za matatu anazochapa kwa mbao za kuchonga, anaijua nidhamu hiyo kwa lazima: ubao ama umeukata ama umeuacha. Mwenye penseli ana uhuru zaidi, na uhuru huo humponza. Anatia kijivu kila mahali kwa woga, gari likafifia lote.

Wakosoaji wakali, hata hivyo, si wachoraji. Ni madereva. Nilimwona mmoja, mzee wa malori ya mifugo, akiletewa mchoro na kijana aliyeushughulikia tangu asubuhi. Kivuli safi, magurudumu safi, ng'ombe wamejaa hadi kwenye vyuma. Mzee aliutazama akitafuna miraa yake.

"Kijana wangu, hii gari haina mzigo."

"Si hao ng'ombe, mzee?"

"Ng'ombe nawaona. Angalia springi. Zimekaa juu, kama imetoka gereji. Na tairi ya nyuma haijafura chini. Ng'ombe wote hao wana uzito wa kuku?"

Kijana alicheka, akatoa raba mfukoni, akaanza kufuta nafasi iliyokuwa kati ya tairi la nyuma na bodi.