Mwanga Hauna Skeli

Mwaka 1982 Clint Eastwood aliongoza na kuigiza Firefox, filamu ya rubani wa Kimarekani anayejipenyeza Umoja wa Kisovieti kuiba ndege ya kivita iitwayo MiG-31. Ndege hiyo ni nyeusi tii, rada haiioni, inapita kasi ya sauti zaidi ya mara tano, na silaha zake zinatii fikra za rubani ilimradi afikiri kwa Kirusi. Jina lilitoka katika riwaya ya Craig Thomas ya mwaka 1977. Kumbe Wasovieti nao walikuwa na MiG-31 ya kweli, iliyoanza kazi mwaka 1981, ila umma wa Magharibi ulikuwa haujaijua sura. Ilipoletwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1991 ilikuwa kiumbe kingine kabisa: viti viwili, urefu wa karibu mita 23, kasi isiyofika mara tatu ya sauti, karibu nusu ya umbo lake chuma cha nikeli, na puani rada kubwa ya kuwinda, si ya kujificha. Ukizipima kwa kufanana, modeli iliyotumika kwenye filamu imefeli. Lakini kipimo hicho hakimtendei haki fundi wake, kwa sababu kazi aliyopewa haikuwa kubashiri ndege ya Warusi. Alitakiwa kukifanya kitu kidogo kionekane kizito, na hilo ni gumu kuliko watu wanavyodhani.

Ugumu unaanzia hapa: ukiipunguza ndege, si kila kitu kinapungua nayo. Chukua ufito mwembamba unaochorwa kwenye modeli kuonyesha bati moja linapokutana na jingine. Kwenye modeli ya skeli ya 1:48, ufito wa milimita moja ni sawa na ufa wa karibu sentimita tano kwenye ndege halisi, ufa wa kupenyeza vidole vitatu. Ukigeuza hesabu, kichwa cha ribiti kilichojitokeza milimita moja juu ya bati, kama zile zilizowashangaza wataalamu kwenye MiG-25 ambayo rubani wa Kisovieti Viktor Belenko alitoroka nayo hadi Hakodate, Japani, mwaka 1976, kinakuwa chembamba kuliko unywele. Fundi hana budi kuamua akifute au akikuze. Kunakili tu hakuwezekani. Mvutano wa dunia nao haupungui. Maji huanguka kwa mwendo uleule, ndiyo maana modeli ya 1:16 hupigwa kwa picha 96 kwa sekunde badala ya 24, ili maporomoko yake yaonekane mazito.

Na mwanga hauna skeli kabisa. Ndege ya Firefox ilikuwa nyeusi na yenye kung'aa, rangi mbaya kuliko zote kwa mpiga picha wa wakati ule, kwani modeli zilipigwa mbele ya pazia la buluu ili baadaye ziwekwe juu ya picha ya anga, na mwili unaong'aa huivuta ile buluu mpaka mbawa zenyewe zikaonekana matundu. John Dykstra, aliyesimamia madoido ya picha ya filamu hiyo, na wenzake waliligeuza jambo lenyewe. Waliipaka modeli vanishi isiyoonekana kwenye mwanga wa kawaida, lakini inayowaka ikimulikwa kwa miale ya urujuanimno. Kamera inayoendeshwa na mitambo ilipita mara mbili kwenye njia ileile: mara ya kwanza ikapiga ndege, mara ya pili ikapiga mng'ao wake tu, na mng'ao huo ukawa ndio mpaka wa kuikatia. Badala ya kulilaumu pazia, wakaifanya ndege ichore umbo lake yenyewe. Sijui sifa gani nyingine ya ufundi inapita hiyo.

Atasema mtu kwamba modeli hiyo ni kichezeo, isingeruka hata kwa dakika moja. Kweli. Lakini ndege za kweli nazo huanza kama modeli ndani ya handaki la upepo, na mhandisi hukutana na usumbufu uleule: hewa haipungui pamoja na bawa, kwa hiyo huongeza mgandamizo au kuipoza hewa, kisha husahihisha hesabu. Wote wawili wanalipwa kwa kujua skeli inadanganya wapi; mmoja anailinda ndege na anga, mwingine anailinda na jicho.

Wa pili atasema kompyuta imemaliza mjadala, na ni kweli kwamba baadhi ya picha za Firefox leo zinaonekana zimebandikwa. Hata hivyo, walipotengeneza Top Gun: Maverick ya mwaka 2022, wakiwa na kompyuta zote wanazozitaka, watengenezaji waliiomba Skunk Works, kitengo cha Lockheed Martin cha kubuni ndege za siri, iwasaidie kuunda ndege ya kubuni ya filamu hiyo, Darkstar, ya ukubwa kamili, isiyoruka, ili jua lipige kwenye kitu kilichopo. Tatizo la skeli hawakulitatua. Walilikwepa, kwa fedha ambazo mafundi wa 1982 wangezikodolea macho.