Mazoezi ya kupumua ku asima: ni nyongeza ya nini?

Wandugu, mama mumoja wa hapa Kyavinyonge, mwenye anakausha samaki ku moshi tangu ujana wake, aliniuliza swali. Iko na asima. Aliskia kwamba kuko mazoezi ya kupumua yenye inasaidia wagonjwa ku Ulaya, na wenye elimu wamehakikisha. Akasema: « Mwanangu, wewe mwenye ulisoma, nikijifunza hayo mazoezi, naweza kuacha kununua dawa? »

Mimi ni mtu wa mashamba, si munganga. Lakini kusoma jaribio, kuuliza ni kitu gani kililinganishwa na kitu gani, hiyo tulifundishwa wote. Basi nilienda kusoma.

Mazoezi hayo iko ya aina nyingi. Yenye inajulikana sana ni ya Konstantin Buteyko, munganga wa Umoja wa Kisovyeti, ya miaka ya 1950: kupumua kwa pua, polepole, pumzi kidogo, bila haraka. Kuko pia yoga. Kusema kweli, si uchawi na si bure.

Mwaka 2003, ku Uingereza, watafiti walijaribu njia ya Buteyko kwa wagonjwa 90 wa asima. Kundi moja walifundishwa Buteyko, lingine walipewa mashine yenye kufuata pumzi ya yoga, la tatu mashine ya uongo yenye haifanye kitu. Kisha miezi sita, watu wa Buteyko walisema wanajisikia vizuri, na walipunguza dawa ya kufungua kifua, karibu mivuto miwili kwa siku. Lakini walipopima nguvu ya pumzi, hakuna kilichobadilika. Na dawa yao ya kuzuia uvimbe hawakuweza kuipunguza kupita wengine.

Mwaka 2018 likatoka jaribio kubwa zaidi, la watu 655, ku Uingereza tena. Wamoja walifundishwa uso kwa uso, wengine walipewa DVD na kitabu kidogo, wengine waliendelea na matunzo yao ya kawaida tu. Kisha mwaka mumoja, wenye DVD walipata matokeo sawa na wenye kufundishwa na mtu. Hiyo inanifurahisha, juu huku kwetu mwalimu wa kupumua hatuna, lakini simu tuko nayo. Ila tuangalie ukubwa wa faida: ku kipimo cha maisha ya mgonjwa, kinachoenda toka 1 mpaka 7, walipita kundi la kawaida kwa 0,28 tu. Waganga wenyewe wanahesabu kwamba chini ya 0,5 mgonjwa hawezi kuona tofauti sana. Na hapa pia, uvimbe wa njia za hewa ulibaki vile ulikuwa.

Mwaka 2020, kundi la Cochrane likakusanya majaribio 22, yenye watu 2880. Jibu lao ni la uangalifu: mazoezi inaweza kusaidia kidogo maisha ya mgonjwa, lakini uhakika wa matokeo mengine uko mdogo. Si jambo la kushangaa. Mtu hawezi kupumua polepole bila kujua anafanya zoezi, na mtu mwenye kuangaliwa anajisikia vizuri.

Lakini kwangu, kosa kubwa haliko mu majaribio. Liko mu namna tunaibeba. Wale wagonjwa wa 2003, wote walikuwa na dawa ya kuvuta ya kuzuia uvimbe. Wale wa 2018, wote walikuwa wameandikiwa dawa ya asima. Zoezi lilijaribiwa juu ya dawa, halikujaribiwa pahali pa dawa. Ni sawa mbolea yenye ilijaribiwa ku udongo wenye kumwangiliwa maji kila siku. Mavuno ikaongezeka. Sasa wewe unaibeba ku udongo mukavu, unaambia mulimaji: tia mbolea, acha maji. Kati yetu, nani angekubali kuandika hiyo mu ripoti?

Wanaita hiyo mazoezi « nyongeza ». Nyongeza inaomba kwanza kitu cha kuongezea. Huku kwetu wagonjwa wengi wanapata vidonge, wakati kifua kimeisha kufunga, na dawa ya kuvuta ya kuzuia uvimbe ni wachache wenye wanaijua. Na tangu 2019, muongozo wa dunia juu ya asima, wenye kuitwa GINA, unasema hata salbutamol ya kuvuta isitumiwe peke yake kwa watu wakubwa: inafungua njia, lakini haiponyeshi uvimbe. Kama salbutamol peke yake haitoshi, pumzi ya pua peke yake itatosha namna gani?

Tena kuko moshi. Bamama wanainama juu ya majiko ya samaki toka asubuhi. Kumwambia mtu apumue vizuri ndani ya moshi, bila kuuliza dohani au jiko la kufunga, ni kumuachia yeye peke yake muzigo wa ugonjwa. Na ile, wandugu wa agronomia, si kazi ya munganga. Njo kazi yetu: kukausha samaki ni mambo tulisoma.

Mama nilimujibu hivi: « Mazoezi jifunze, mama, itakusaidia usiogope wakati pumzi inakuwa fupi. Lakini dawa usiache, na uulize munganga juu ya ile ya kuvuta kila siku. » Akaniuliza bei yake. Hapo nilinyamaza.

Ile bei njo nyongeza yenye inakosekana. Majaribio 22 haiwezi kuijibu. Lakini tusiende kumwambia mutu kwamba pumzi yake mwenyewe itailipa. Usiku kifua kikifunga, na barabara ya hapa usiku hakuna mwenye kuifuata, ni yeye atalipa.